Kongosho Ilipogoma

Fundi wa makochi hakuwa na subira na watu wa pole za mdomoni, na aliyemdharau kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mtaani walimwita Mheshimiwa, ingawa hakuwahi kushika chochote zaidi ya kiuno chake mwenyewe akitoa ushauri.

Kisukari kilikuwa kimemmaliza fundi figo tangu ujana. Baada ya miaka ya kusafishwa damu kwa mashine, madaktari walimpandikizia figo na kongosho kwa mpigo mmoja, vyote vya marehemu asiyemjua. Mara mbili alirudishwa chumba cha upasuaji: kwanza damu ilivujia tumboni, kisha ukaja usaha. Alitoka amekonda kama ufito, lakini sukari ilitulia yenyewe. Akarudi karakana na barakoa usoni, maana vumbi la sponji kuukuu lingemletea maradhi. Dawa za kuzuia mwili usivikatae viungo zilimtetemesha mikono. Akajifunza kugonga misumari akiwa ameegemeza kiwiko.

Mheshimiwa, ambaye enzi za mashine hakuonekana hata kivuli, sasa akatokea na wateja wawili wa dawa zake za mizizi.

"Mnamwona shemeji? Huyu alikuwa wa kuzikwa. Dawa yangu hiyo!"

"Dawa yako uliyonitumia niliyamwagia maua," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Yakakauka."

Wateja wakatazamana.

"Shemeji, unanivunjia heshima!"

"Ningeivunja kama ingekuwepo."

Wateja wakaondoka, yeye akiwafuata nyuma akijieleza.

Mwaka wa saba kongosho ikagoma. Alipewa dawa kali, wapi! Sukari ikapanda, akarudia kujidunga insulini. Figo ikaendelea kuchapa kazi. Siku ile alilia mbele ya mumewe, si kwa sababu ya sindano. Aliona kama amempotezea marehemu amana yake.

"Umeitunza miaka yote hiyo," mumewe alisema. "Nani angeitunza zaidi?"

Mheshimiwa naye akafika karakana, amevaa uso wa msibani. "Si nilisema? Viungo vya watu hivi..."

"Figo ya huyo mtu inafanya kazi kuliko wewe mzima mzima. Sogea, unanizibia mwanga."

Akasogea. Fundi akavuta kitambaa mpaka kikakaza, akachukua msumari mwingine.