Maganda ya Babu

Juzi, nyumbani kwa ami huko Hail, nilimwona akimpa binti yake kitambaa afute maganda ya risasi. Nikasikia ile harufu ya mafuta na shaba.

Kazi hiyo niliifanya utotoni kwa babu, Mungu amrehemu. Risasi za kwendea shabaha, ule mchezo wa kulenga, akizitengeneza mwenyewe. Maganda matupu aliyapaka mafuta mazito yanayonuka kama kondoo, yasikwame kwenye mashine ya kuyanyoosha yarudi umbo lake, kisha nikayafuta kabla hajatia baruti.

"Mafuta yasibaki, mwanangu. Bunduki haiyataki."

Mafuta niliyoyajua mimi ni ya bibi, yaliyowahi kushika moto kikaangoni. Nikaamini likibaki tone moja, babu ataungua. Nilisugua mpaka vidole vikauma.

"Basi, we! Ushayafuta mpaka yanaona haya."

Alipokwenda shabaha baada ya alasiri, nilikaa mlangoni nikakataa kula. Aliporudi nilimrukia, nikaanza kuinusa kanzu yake ya dishdasha.

"Unanusa nini?"

"Nnatazama kama umeungua."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Juzi nikamhadithia ami. Nikamwambia kwamba mpaka leo kila kazi naikagua hivyo hivyo, kwa hofu ile ile.

"Lakini babu yako alikuwa akiyafuta yote upya kila ulipotoka," akasema. "Ulidhani atakuachia wewe roho yake?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote nimeibeba roho ya babu, kumbe alikuwa nayo mwenyewe.