Mbwa Mwitu wa Njia ya Mwakitolyo

Mwaka niliojiunga na timu ya wanawake ya baiskeli pale Shinyanga, mtangazaji wa mbio aliugua asubuhi ya mashindano. Waandaaji wakamwomba mzee mmoja, askari mstaafu wa wanyamapori, apande kwenye pikapu ashike kipaza sauti. Baiskeli hakuzijua. Alijua wanyama.

Tulipoondoka Kolandoto tumebanana, nilimsikia akiwaeleza watu kandokando ya barabara kwamba hao ni nyumbu, kila mmoja anamfuata wa mbele na hakuna anayejua kwa nini. Watu walicheka sana. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kumkingia upepo kapteni wetu, dada mmoja muuza mitumba, ili abaki na nguvu za kumalizia. Taratibu mzee akaanza kutuelewa. Alipoona timu yetu tukipokezana kukaa mbele, watatu kwa zamu na kapteni nyuma yetu, alitupandisha cheo tukawa mbwa mwitu. Mpinzani mmoja aliyejibanza nyuma yetu muda wote bila kushika zamu alimwita fisi. Yule binti alinuna mpaka mwisho wa mbio.

Tulipoingia njia ya vumbi ya Mwakitolyo, tairi la nyuma la kapteni likapasuka. Gari la vipuri halikuonekana. Nikateremka, nikamsukumia baiskeli yangu.

"Na wewe je?" akauliza.

"Nenda dada, wanatuacha."

Akaenda. Nikabaki na pancha na hasira kidogo, kwani siku hiyo miguu ilikuwa myepesi kuliko siku zote. Wachimbaji watatu waliokuwa wakinywa chai kibandani walikuja kuangalia. Mmoja wao, mwenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope, alinipa baiskeli yake ya kubebea maji. Alisema ataifuata jioni uwanjani, mwisho wa mbio, na ile yenye pancha ataniletea. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, nikaondoka na madumu mawili matupu yakigongana nyuma yangu.

Niliingia uwanjani wa mwisho kabisa. Watoto walikimbia pembeni yangu wakishangilia madumu, nadhani, kuliko mimi. Mzee alinitazama, akashusha kipaza sauti, akakipandisha tena. Alisema porini amekaa miaka mingi, lakini mnyama wa kumpa mwenzake miguu yake hajawahi kumwona, kwa hiyo yeye hana jina la kumpa huyu.

Kapteni alishika nafasi ya pili. Alikataa kupanda jukwaani mpaka nifike, na wenzetu wawili wakakataa pamoja naye, waandaaji wakabaki wanaangalia saa. Niliposimama karibu naye, nikidhani atanishukuru, aliinama kuyakanda magoti yake.

"Siti yako iko chini mno," alininong'oneza. "Imeniua."

Tukapigwa picha tukicheka, mimi nikiwa na vumbi kuliko wote.