Fukizo la Bi Mwanasaumu

Watu wa Likoni walimwita Bwana Puto, na sidhani yuko aliyelijua jina lake hasa isipokuwa tarishi wa posta. Alikuwa Mzungu mrefu, daktari asiyetibu mtu, aliyepanga nyumba ya mawe njia ya Mtongwe mwaka wa hamsini na tisa na kuanza kurusha maputo makubwa kuliko msikiti. Mtu mzima, na elimu yake yote, anacheza na maputo! Watu walicheka mpaka wakachoka, kisha wakazoea, kama tunavyozoea kila kitu.

Mwanatatu binti Boga hakucheka, maana alikuwa anahitaji kazi. Alikuwa mtalaka, hana mtoto, anaishi na mamake na kushona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo. Bwana Puto alikuwa akitafuta wanawake wenye macho makali na subira, na mtu mmoja mwenye akili akamwambia kwamba mshona kofia anaweza kuinamia tundu lisilozidi ncha ya sindano kutwa nzima bila kupiga miayo. Mwanatatu akaenda na kofia yake mkononi. Bwana Puto akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama tundu kwa tundu, kisha akamwonyesha kiti mbele ya hadubini.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza, ingawa ilimchukua Mwanatatu miezi kuielewa. Puto lilibeba sanduku jeusi lenye vioo, na juu ya kila kioo ilipakwa dawa ya picha, nene, yenye chembe za fedha. Huko juu, ambako hata ndege hawafiki, hupita viini vya atomi vitokavyo mbali tusikokujua, vingine vyepesi, vingine vizito kama kiini cha chuma. Kila kipitacho ndani ya dawa huacha mstari wake. Wa kiini chepesi ni mwembamba, wa chuma ni mnene wenye vinyweleo kama kiwavi. Na mara moja moja, nadra sana, kiini cha chuma hukigonga uso kwa uso kiini cha fedha kilichomo ndani ya dawa, vyote viwili vikasambaratika, na kioo kikishaoshwa pakaonekana nukta yenye miale kila upande. Hiyo waliiita nyota. Bwana Puto alitaka kujua nini hutokea mzito anapomgonga mzito: je, huvunjika tu, au kwanza huyeyuka wakawa kitu kimoja? Alisema huku kwetu karibu na ikweta sumaku ya dunia huwarudisha wanyonge njiani, na wanaofika ni wenye nguvu tu.

Mwanatatu aliipenda kazi ile. Nasema aliipenda, si kwamba aliivumilia. Aliketi bega kwa bega na Milcah, binti wa fundi wa reli wa Changamwe, msichana wa bara ambaye Mwanatatu alimsahihisha Kiswahili chake kila siku bila kuombwa. Mmoja akiona nyota humwita mwenzake, nao hupokezana hadubini kama watu waonjeshanao mchuzi. Katika maisha yake, Mwanatatu alikuwa ameambiwa mengi kuhusu mapishi yake na tabia yake na tumbo lake lisilozaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba macho yake ni mazuri, si kwa kutazamwa bali kwa kutazama.

Mamake naye alikuwa mtu mwenye jina. Bi Mwanasaumu alikuwa mfukizaji wa maharusi, na toka Mtongwe hadi Shika Adabu hapakuwa na biharusi wa maana aliyetolewa ndani bila moshi wake. Udi aliupika mwenyewe, kwa sukari na mawaridi na vitu vingine ambavyo hakuvitaja mbele ya mtu. Wanawake walikuwa wakipita barabarani wakasimama na kusema, hii harufu ya Bi Mwanasaumu, nani anaolewa? Mwanatatu alipomwomba amfundishe alijibiwa vile vile siku zote: "Ngoja nichoke kwanza. Sijachoka miye."

Basi mwaka wa sitini Bwana Puto alirusha puto lake kubwa kuliko yote, lenye vioo vingi kuliko vyote. Aliwaambia Mwanatatu na Milcah waziwazi kwamba wakubwa wake huko Ulaya wamechoka kungoja, na vioo hivi ndivyo vitakavyoamua kama nyumba ya Likoni itabaki na kazi au itafungwa. Puto likaenda, upepo ukalichukua, na habari zikaja kwamba limeonekana likishuka upande wa Kisauni. Bwana Puto na Milcah wakavuka feri mbio kulifuata.

Kumbe lililoshuka Kisauni ni ganda tupu. Sanduku lilikuwa limekatika mapema, likaangukia shamba la mihogo la mkulima mmoja aitwaye Baya, chini ya vilima vya Shimba. Baya akasoma maandishi ya Kiswahili ubavuni mwa sanduku, yaliyoomba lirudishwe Likoni, akalifunga nyuma ya baiskeli, akalileta Likoni adhuhuri ya Ijumaa. Akaikuta nyumba ya mawe imefungwa, akaelekezwa kwa Mwanatatu. Mwanatatu akalipokea kama mtu apokeavyo mtoto, akaliweka pembeni mwa mtungi ambako sakafu ni baridi.

"Mama," akasema, "hili ni amana. Lisipigwe jua, lisipate maji, wala lisifunguliwe."

"Nimesikia, mwanangu."

Akajitupia buibui, akaenda kumtafuta Bwana Puto ng'ambo ya pili.

Bi Mwanasaumu aliyatimiza yote matatu. Hakulianika juani, hakulitia maji, hakuligusa kifuniko. Lakini sanduku lilikuwa limetoka safari. Anayerudi Hija hufukizwa, mzazi akitoka arobaini hufukizwa, hata nguo zilizoazimwa harusini hufukizwa kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Na hiki kimepita juu wanakopita malaika na majini, kiingie nyumbani mwa watu bila ubani? Uungwana uko wapi? Akalitoa lile tenga la fito la kufukizia nguo za maharusi, akatia makaa machache, yenye moshi kuliko joto, kwenye chetezo, akatia ubani, akatia udi wake wa kupika, ule mzuri. Akalipandisha sanduku juu ya tenga na kulifunika shuka. Likakaa pale likivuta moshi mpaka alasiri.

Mwanatatu aliporudi na Bwana Puto aliisikia harufu tangu uani, akatabasamu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alitabasamu. Bwana Puto alimshika Bi Mwanasaumu mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akaondoka na sanduku. Alikuwa amewafundisha wafanyakazi wake kwamba vioo vile huogopa mwanga, maji na joto. Kwamba vinaogopa pia moshi wa utomvu hakumwambia mtu, pengine kwa sababu kwao hakuna anayefukiza. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, lakini hili lilivunda kwa ubani wenyewe.

Vioo vilitoka kwenye maji ya kuoshea vimefunga ukungu mweusi. Kioo baada ya kioo, hakuna mstari, hakuna nyota, ni weusi tu. Bwana Puto akaokota karatasi iliyokuwa imevifunga vioo, akainusa. Akakaa kitako juu ya sakafu yenye maji.

"Nani?" akauliza.

Mwanatatu alikuwa amekwisha kuelewa. Alimwona akilini mamake amepiga magoti mbele ya chetezo, akipepea makaa kwa upepeo, akimfanyia mwanawe hisani.

"Ni mimi," akasema. "Nililifukiza mimi."

Milcah aligeuka kumtazama, maana aliijua nyumba ya kina Mwanatatu na aliijua kazi ya mamake, lakini akarudi kuviokota vioo. Bwana Puto hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Mimi naliamini wewe," na asubuhi yake Mwanatatu hakuwa na kazi.

Nyumbani alisema kazi imepungua, wamepumzishwa kidogo. Bi Mwanasaumu akauliza kama vioo vilitoka vizuri. Mwanatatu akajibu kuwa vilitoka vizuri, alhamdulillahi. Mama akafurahi, na jioni majirani walipokuja kupiga soga akawaeleza jinsi alivyokifukiza chombo cha Mzungu kilichofika mbinguni, akafukiza tena kwa mkono hewani ili waone. Mwanatatu alikuwa jikoni. Alizidi kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Uongo una miguu mifupi, lakini huu haukukamatwa na mtu. Ulikamatwa na mapenzi. Bi Mwanasaumu alimwona binti yake akikonda, akirudia kofia zake bila hamu, naye akaamua kwamba mambo haya yanataka mtu mzima. Siku moja akavaa buibui lake la kutokea, hakuaga, akaenda nyumba ya mawe. Yaliyopita huko Mwanatatu aliyajua kwa Milcah, aliyekuja baadaye huku macho yamemwiva.

Bi Mwanasaumu alikuwa amesimama mlangoni kwa adabu mpaka akakaribishwa. Kisha akasema, "Bwana, nimekuja kukuombea mwanangu. Kama kuna aliloteleza msamehe, ni mtoto. Nasi si watu wabaya kwako. Sanduku lako lile nalilifukiza miye kwa mkono wangu, kwa udi nisiompa mtu. Na ukitaka, kila likirudi nitakuja kulifukiza. Sitaki kitu, wallahi."

Milcah alisema Bwana Puto angeweza kunyamaza, na yeye Milcah alimwomba Mungu anyamaze. Lakini watu wa elimu wana ugonjwa wa kusema kweli hata isipoombwa. Alimketisha mama kwenye kiti cha Mwanatatu, akamwekea kioo kizuri cha zamani, akamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Bi Mwanasaumu akaiona nyota. Akasema, "Subhanallah." Akauliza kama hii ndiyo kazi ya mwanawe, akaambiwa ndiyo, akatazama tena. Kisha Bwana Puto akaweka kioo cha sanduku lile.

"Sioni kitu, Bwana. Kuna moshi."

Bwana Puto akampa ile karatasi iliyovifunga vioo, ainuse.

"Ni moshi wangu?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanasaumu aliinuka taratibu, akajifunika vizuri. "Basi mrudishe mwanangu," akasema. "Kosa ni la mkono huu. Yeye amenistiri tu."

Mwanatatu akarudishwa kazini juma lile lile. Wakubwa wa Ulaya walinung'unika, lakini wakatoa vioo vingine, kwa hiyo nyumba haikufungwa. Ungesema mambo yalikwisha vizuri, kama hukuingia nyumbani kwa Bi Mwanasaumu. Alikiosha chetezo, akampa mtu. Udi uliobaki akaumwaga chooni. Watu wa maharusi walikuja, akawaambia mkono wake umekufa. Waliobembeleza aliwafungia mlango, yeye ambaye hakuwahi kumfungia mtu mlango. Ijumaa ikawa inaingia na kutoka na nyumba haina harufu. Kila asubuhi alilichukua buibui la Mwanatatu, akalitundika uani lipigwe upepo, akalinusa pindo, ndipo akampa avae.

"Mama, Bwana amesema nguo hazidhuru."

"Na sanduku hukuniambia lingedhurika."

"Sikujua, mama."

"Nami sikujua. Ndiyo sababu siliamini tena nisilolijua."

Mwanatatu alimwomba amfundishe ule upishi, angalau kwa maneno, bila moto. Bi Mwanasaumu akakataa katakata. "Utaingia vidoleni mwako," akasema, "uende ukawaharibie watu." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira Mwanatatu angejua pa kuanzia.

Katika mwaka wa sitini na mbili Mwanatatu aliiona ile iliyokuwa ikitafutwa. Mstari mnene wenye vinyweleo uliingia kutoka pembeni, moja kwa moja, ukakutana na fedha uso kwa uso, na hapo ikachanua nyota yenye miale mingi hata Milcah alichoka kuihesabu. Bwana Puto alilia mbele yao bila haya. Mwanatatu alikwenda nyumbani mbio akamwambia mamake.

"Hongera, mwanangu," akasema Bi Mwanasaumu. "Nami naliona moja." Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata serikali ilikuwa inabadilika, Bwana Puto akafungasha hadubini zake akaenda zake. Jioni ya siku ile Mwanatatu alikaa miguuni pa mamake.

"Mama, kazi imekwisha. Hakuna tena cha kuharibika. Nifundishe sasa."

Bi Mwanasaumu alimpapasa kichwani. Pengine alitaka. Mwanatatu aliamini mpaka mwisho wa umri wake kwamba mama alitaka. "Inshallah," akasema, "nikipata nafuu ya kifua hiki." Lakini kifua hakikupata nafuu.

Alikufa mwezi wa Desemba, wiki ya uhuru. Ng'ambo kisiwani walikuwa wakifunga bendera mpya kwenye nguzo, na kina mama wa Likoni wakawa ndani ya nyumba ile wakimwosha. Sanda ilipotandikwa, mwoshaji akainua kichwa akauliza udi uko wapi, udi wake mwenyewe, maana nani mwingine angefukizwa kwa udi ule kama si yeye? Wanawake wote wakamgeukia Mwanatatu. Yeye ndiye binti. Ndiye wa kujua.

"Sijui kuupika," akasema Mwanatatu. "Hakunifundisha."

Kisha mmoja akatoa vijisenti, mwingine akatumwa dukani, akarudi na udi wa pakiti. Wakafukiza kwa huo. Bi Mwanasaumu, aliyewatoa ndani maharusi wa Likoni nzima, akavishwa sanda yenye harufu ya dukani. Walimwita binti yake amuage kabla ya kufunga upande wa kichwa. Mwanatatu akainama, akaweka uso wake juu ya uso wa mamake, akavuta pumzi, na hakuisikia harufu yake.