Nilijitapa ukweni kwamba nitaprinti nyimbo za kwaya, printa ikagoma kuiona laptop ya baba mkwe

Wakuu, poleni na majukumu. Mlioko huku milimani poleni na ukungu pia, najua nguo zenu hazijakauka tangu juzi.

Leo nimekuja na yangu mwenyewe. Siyo ya rafiki, siyo ya jirani. Yamenitokea mimi hapa ukweni, Malindi ya Lushoto, na shahidi wangu ni mama mkwe ambaye hayumo humu jukwaani, kwa hiyo itabidi mniamini tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kambini. Nimekulia Mponde, wazazi wangu walitoka Songea kuja kuchuma chai wakanogewa wakabaki. Kambini kwetu kulikuwa na watu wa kila kabila na kila dini, kwa hiyo Kishambaa nakisikia vizuri, ila nikikiongea watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mdomo ninao, hilo sikatai.

Mwaka jana nikaolewa na Mshambaa, familia ya wakulima Walutheri, watu wa taratibu kweli kweli. Mume wangu anafanya kazi Tanga, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tunabaki watatu: mimi, mama mkwe na baba mkwe. Mzee ni mwalimu mstaafu, na ndiye anayetunga nyimbo za kwaya ya akina mama kanisani.

Sasa huyu mzee mnielewe vizuri. Siyo mkali. Hajawahi kunisemesha vibaya hata siku moja. Ila huku mke wa mtoto hamzoei baba mkwe hovyo hovyo. Unamwamkia umeinama kidogo, unaandaa chakula, unaondoka. Ukiwa na shida unapitia kwa mama.

Tangu harusi mazungumzo yetu yalikuwa "shikamoo baba", "marahaba mwanangu", na "karibu chakula". Basi. Kwa mdomo wangu huu, hiyo ilikuwa adhabu.

Na mimi nilitaka sana nionekane wa humu ndani. Wanawake wenzangu mtanielewa. Unapendwa, unawekewa finyango nzuri, ukinyanyua ndoo unaambiwa acha mama, pumzika. Halafu unalala unajiuliza, hivi mimi hapa naishi au nimekuja kutembea?

Basi turudi kwenye printa.

Kabla ya kuolewa nilikuwa nauza stationery Bumbuli. Siku naaga, bosi wangu akanipa zawadi ya harusi, printa ndogo ya WiFi. Najua mtauliza, "si ungechomeka kebo tu dada?" Kebo panya waliimaliza kule kule dukani. Nilikuja na printa na waya wa umeme, basi.

Mama mkwe akaipokea kwa furaha, akaiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, akaifunika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Ikakaa hapo kama picha ya ukutani. Hakuna aliyeigusa.

Wiki ya sikukuu ya mavuno ikafika. Mzee alikuwa ametunga wimbo mpya wa Kishambaa, beti nyingi, ameuandika kwenye laptop yake. Mvua nayo ikachagua wiki hiyo hiyo kushusha udongo barabarani. Magari ya Lushoto mjini hayapiti, bodaboda wenyewe wanafika wanageuza. Na stationery anayoitumia mzee ipo mjini.

Kwenye simu haiwezekani, nusu ya kwaya wana vitochi, simu za vitufe tu. Na kuandika kwa mkono walishawahi. Walinakiliana wao kwa wao, siku ya siku upande mmoja ukawa unaimba ubeti wa viazi na upande mwingine ubeti wa maharage. Mchungaji akadhani ndivyo wimbo ulivyo, akausifia. Mzee hakula siku ile.

Sasa Jumatano tunakula, mzee akasema kwa upole tu, "Basi, mwaka huu tutaandika tena kwa mkono." Mama mkwe akaweka kijiko chini. Nilimwonea huruma mzee, wallahi.

Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Baba, mimi nitaprinti hapa hapa nyumbani. Ijumaa kwenye mazoezi akina mama watakuta karatasi tayari."

Mzee akaniangalia. Nadhani ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu niolewe. Akasema, "Sawa mwanangu." Mama mkwe akaanza kutabasamu na sahani yake.

Mnaona nilivyojiingiza? Ikishindikana hiyo, sirudii tena kufungua mdomo pale mezani.

Alhamisi asubuhi mzee akaiacha laptop juu ya meza ya sebuleni, akaenda shambani. Nikaondoa kitambaa, nikawasha printa, ikanguruma vizuri. Nikafungua app kwenye simu, nikabonyeza kile kitufe cha WiFi mpaka taa ikaanza kupepesa. App ikaniuliza mtandao gani, nikachagua tunaotumia, nikaweka password, taa ikatulia. Imeunganishwa.

Nikajiona fundi. Nikamwambia mama mkwe apike chai kabisa.

Nikahamia kwenye laptop. Tafuta printa. Inazunguka, inazunguka. Hakuna. Tafuta tena. Hakuna. Na internet kwenye laptop ipo, inafungua kila kitu.

Nikarudi kwenye simu nijaribu kuprinti hata picha moja. App iliyotoka kuniambia imeunganishwa sasa inasema printa haipatikani. Na printa ipo pale mbele yangu, taa inawaka, inaniangalia.

Nikazima nikawasha. Nikazima ruta nikawasha. Nikaweka driver upya. Nikasogeza meza, nikazima antivirus, nikamwomba na Mungu. Nikampigia mume wangu Tanga, maana ruta aliifunga yeye. Unajua alichoniambia? "Zima uwashe." Nikakata simu kabla sijamwambia neno baya.

Mama mkwe naye alikuwa anahangaika na mimi kwa moyo wote. Akapapasa zile karatasi, akasema, "Mwanangu, hizi zimelowa na ukungu. Na yenyewe labda ina baridi." Tukaibeba printa mpaka jikoni, tukaiweka mbali kidogo na mafiga ipate joto. Nacheka sasa hivi, ila siku ile niliona ni ushauri mzuri kabisa.

Karatasi zilikauka. Printa ikabaki vile vile, tukairudisha kabatini.

Jioni mzee akarudi, akanawa, akapita sebuleni. Akaiona laptop, akaona hakuna karatasi, hakuuliza. Hiyo ndiyo iliniumiza, kutoulizwa. Kama angenifokea ningejua la kufanya.

Ijumaa nikaamka na hasira. Mazoezi ni saa kumi. Nikasema hii printa nitaihoji kama polisi. Nikakumbuka kule dukani, ukibonyeza vitufe fulani pamoja inatoa karatasi yenye taarifa zake zote. Nikabonyeza, ikatoa. Nikasoma mstari kwa mstari na kidole juu.

Jina la mtandao: WAGENI.

Nikaenda kwenye laptop, kona ya chini. Jina la mtandao: KAYA.

Nikakaa chini wakuu.

Niwaeleze. Nyumba hii haikosi watu. Wazee wa kanisa, wanakwaya, ndugu kutoka Tanga wanaokimbia joto. Mume wangu alipofunga ruta akatenganisha mitandao miwili. Mmoja ni Kaya, wa wenye nyumba. Wa pili ni Wageni, password yake imebandikwa ukutani juu ya redio ili mgeni asipate tabu ya kuomba. Na ruta nyingi huwa zinamficha mgeni. Anapata internet vizuri, lakini haoni vifaa vya ndani, na hata wageni kwa wageni hawaonani.

Printa niliiunganisha kwa password ya ukutani. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa naijua. Simu yangu niliiunganisha nayo siku naletwa kama bibi harusi, nikaisahau. Internet inafunguka, nani atauliza zaidi?

Kwa hiyo printa mgeni, simu mgeni, na mimi mwenyewe mwaka mzima natumia mtandao wa wageni nyumbani kwangu. Nilicheka, halafu nikasikia machozi yananilenga. Sijui yalitoka wapi.

Nikampigia mume anipe password ya Kaya. Anasema mzee aliibadilisha, anaijua yeye tu. Nikamwendea mama mkwe, "Mama, naomba uniulizie kwa baba." Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Hata hakuinua kichwa.

"Yupo kwenye mapeasi. Nenda kamuulize mwenyewe."

"Mama, nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Nikashuka bondeni. Mzee yuko kwenye miti ya mapeasi na mkasi wake wa kupogolea, anakata matawi. Nikainama, shikamoo baba, marahaba mwanangu, halafu nikasimama pale kama nguzo. Mwenyewe akasaidia. "Mashine imesumbua?"

Ikanitoka yote bila kupumua. Printa ipo kwenye Wageni, laptop ipo Kaya, haziwezi kuonana, naomba password ya Kaya, kama haiwezekani nitaandika kwa mkono mimi mwenyewe zote, nina mwandiko mzuri.

Mzee akaning'iniza mkasi kwenye tawi. "Kwani simu yako ipo wapi?"

"Wageni, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Mimi nikajua nimeharibu. Halafu akacheka, wakuu. Sijawahi kumsikia mzee anacheka, anacheka taratibu, mabega ndiyo yanatikisika. Akapanda kilima mbele yangu anaita tangu mbali, "Mama! Huyu mtoto tumemweka sebuleni mwaka mzima na wala hatujui!"

Mama mkwe akatoka na ungo wake. Alipoelewa akakaa kwenye kizingiti akacheka mpaka maharage yakamwagika. Akasema, "Na hakusema. Mdomo wote ule, na hakusema."

Mzee akanawa mikono, akavaa miwani, akaomba simu yangu. Siyo printa, simu yangu kwanza. Akaandika password mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akanirudishia. Juu ya simu pakaandikwa Kaya.

Halafu akanitajia password niweke kwenye printa. Siwaambii ni nini, ila mjue ni ya Kishambaa na nilivyoirudia kwa kuitamka walicheka wote wawili.

Nikaiunganisha upya. Nikabonyeza tafuta kwenye laptop. Sikumaliza hata kuvuta pumzi, jina la printa likatokea. Nikachagua, nikaagiza. Printa ikameza karatasi ya kwanza, ikavuta na kitambaa cha mama mkwe maana alikuwa ameshaifunika tena, tukakichomoa, ikaendelea. Mama mkwe anapokea karatasi moja moja, za moto moto, anazipanga mapajani anaimba ubeti wa kwanza.

Saa kumi akina mama walikuta karatasi tayari.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Viazi, kabichi, ndizi, kuku wamefungwa miguu, vyote mbele ya madhabahu. Kwaya ikasimama, kila mama na karatasi yake. Ulipofika ubeti wa viazi, wote wakaimba viazi. Nilimtafuta mzee kwa macho, nikamkuta anatazama juu darini huku anafuta miwani.

Kwa wale mtakaopata shida kama yangu, msihangaike na driver siku nzima kama mimi. Angalieni kwanza jina la mtandao kwenye printa na jina la mtandao kwenye laptop. Yakitofautiana, hata mkeshe kwa maombi haziwezi kuonana. Toeni printa kwenye mtandao wa wageni, iingizeni ndani, mtaprinti.

Ila lililonileta humu siyo hilo.

Mchana ule baada ya ibada nyumba ilijaa ndugu kama kawaida. Shemeji mmoja katoka Tanga, hajamaliza hata sahani, akamuuliza mzee password ya WiFi. Mzee alikuwa anatafuna. Akaninyooshea kidole, akasema, "Muulize mwenye nyumba."

Nikageuka nyuma kuona anamwambia nani. Mama mkwe akanisukuma begani.

Nikamwonyesha shemeji ile karatasi juu ya redio. Nikamwambia, "Shemeji karibu sana. Wageni wanatumia ile pale."

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Waliowahi kuhangaishwa na printa waseme, na wataalamu wa mitandao msahihishe nilipokosea. Na wewe mwenzangu uliyeolewa, hebu kaangalie simu yako ipo mtandao gani, halafu rudi hapa utuambie.