Mwalimu Kuanzia Saa Tatu

Hadi leo nikisikia harufu ya chaki iliyolowa, magoti yangu yanataka kusimama yenyewe. Harufu hiyo ilikaa jikoni kwetu tangu majani yalipoanza kupukutika hadi kiangazi kilichofuata, mwaka nilipokuwa na miaka tisa, ikichanganyika na vitunguu vya jana na nguo zilizoanikwa juu ya hita. Tuliishi Lewisham, London, ghorofa ya tatu, katika fleti ya chumba kimoja na sebule niliyolala mimi. Mama alipaka rangi nyeusi upande wa ndani wa mlango wa jikoni, ukawa ubao. Chaki zilitoka Dodoma, zimefungwa ndani ya soksi za baba, kwa sababu Mama hakuziamini chaki za Waingereza. Kila asubuhi watoto wa jengo letu walishuka ngazi kwa kishindo wakienda shule, mabegi yakigonga vyuma vya ngazi, kelele zao zikakata kona na kupotea. Baada ya hapo palikuwa kimya kabisa, isipokuwa treni ikipita. Mimi nilibaki dirishani na sare yangu, shati jeupe na sketi ya bluu aliyonishonea Mama mwenyewe, nikisubiri shule yangu ifunguliwe.

Ilifunguliwa hivi. Saa tatu kamili Mama alitoka nje ya fleti, akafunga mlango, akakaa huko kwenye korido dakika mbili tatu, kisha akaingia akiwa mwalimu. Hata mwendo wake ulibadilika. Mimi nilisimama kando ya meza ya chakula na kusema, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, "Marahaba. Hamjambo?" Nikajibu, "Hatujambo, Mwalimu." Akasema, "Kaeni." Nikakaa peke yangu, nikijitahidi nisivitazame vile viti vingine vitatu. Halafu alifungua daftari la mahudhurio, akasoma majina yangu yote matatu, nikasema nipo. Nilikuwa kiranja pia. Kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu akitoka, na naungama kwamba niliwahi kujiandika mara mbili kwa kukosa mtu mwingine. Mwisho wa muhula nilipewa ripoti iliyosema nimekuwa wa kwanza katika darasa la mwanafunzi mmoja. Mama aliibandika kwenye friji bila hata kutabasamu.

Alinitoa shule kwa sababu ya siku moja tu, ingawa nadhani wazo hilo alikuwa nalo muda mrefu. Alikuja kunichukua getini akaniita kwa Kiswahili, nami nikajifanya simjui. Jumapili ile kanisani kwetu, katika ukumbi wa kukodi karibu na soko, mahubiri yalihusu agizo la Musa kwa wazazi, kwamba wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa wanatembea njiani. Mama aliyanakili maneno hayo kwenye karatasi, akayabandika juu ya ubao. Akamwambia baba, "Sikumzaa huyu ili serikali ndiyo imfundishe kunikana." Baba alikuwa anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, upande wa pili wa London, akitoka alfajiri na kurudi amechoka. Alisema sawa, akaenda kuoga.

Sheria kubwa ya shule yetu ilikuwa kwamba kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana hapakuwa na mtu anayeitwa Mama. Alikuwa Mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa katika shule aliyofundisha Dodoma kwa miaka kumi na moja: mtoto wa mwalimu hamwiti mzazi wake Mama darasani, wenzake wasije wakadhani anapendelewa. Siku moja nilijipa moyo nikamwambia kwamba hapa kwetu hakuna wenzangu. "Hata kama hawapo," akasema, "sheria ni sheria." Alichora mstari wa pambizo kwenye ubao, tukaendelea na hesabu za sehemu.

Sitaki kumsingizia. Alikuwa mwalimu hodari, na hesabu ninazotumia kazini leo ni zake. Lakini nilikuwa mpweke kiasi ambacho sikuwa na namna ya kukieleza. Mchana, baada ya saa saba, Mama alirudi kuwa Mama kwa saa mbili tu, tena saa za kupika na kufua, kisha akavaa koti na kwenda kuhudumia wazee majumbani mwao. Saa kumi kasoro kelele zilirudi kwenye ngazi, nami nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza nani kamwambia nani nini. Niliwajua watoto wote wa jengo kwa sauti zao. Hakuna aliyenijua mimi. Kitu nilichokitaka hakikuwa shule wala rafiki, ingawa ningepokea chochote. Nilitaka mama yangu asubuhi. Alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, na sikuruhusiwa kumwita.

Saa nne ilikuwa mapumziko ya uji. Kwa desturi ya shule, mwanafunzi wa zamu ndiye anayepakua, na mwalimu huenda ofisini. Ofisi ilikuwa chumba chao cha kulala. Aliingia, akafunga mlango, akakaa kitandani akisahihisha daftari langu, na mwenye shida alitakiwa kubisha hodi na kusubiri hadi aambiwe aingie. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, kulikuwa na ukungu dirishani, niliinua sufuria kwa kitambaa kilicholowa. Mvuke ulinichoma vidole, sufuria ikainama, na uji wa moto ukanimwagikia mguu wa kushoto, juu ya soksi. Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kiranja hapigi kelele. Niliruka kwa mguu mmoja hadi mlango wa ofisi, nikabisha hodi. "Subiri," Mwalimu akasema kutoka ndani. Nikasubiri, nimeshika fremu ya mlango, machozi yakinitoka, uji ukiendelea kuiva ndani ya soksi.

Alipofungua alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Alinitazama usoni kwanza, kisha miguuni. "Eliza! Mbona hukuniita?"

"Nilibisha hodi, Mwalimu."

Alinibeba. Nilikuwa mkubwa tayari, miguu yangu ilimgonga magotini, lakini alinibeba hadi bafuni, akanikalisha ukingoni mwa bafu, akavua soksi taratibu na kuufungulia mguu maji ya baridi. Akapiga magoti kwenye vigae na kunishika kifundo. Tulikaa hivyo muda mrefu, maji yakikimbia. Nikasema, "Inauma, Mwalimu." Akasema, "Niite Mama." Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua: "Saa saba bado."

Hapo alilia. Sikuwahi kumwona akilia mpaka siku hiyo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mguu. Alilia ameinama, paji la uso kwenye goti langu, huku mkono haujauachia mguu. Baadaye akasema, nadhani akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi, "Yesu naye walimwita Mwalimu. Akawaosha wanafunzi wake miguu. Mimi mwanangu nimemwekea mlango." Alinifunga kitambaa safi, akanilaza kitandani kwao, ofisini, akanilisha uji uliobaki kwa kijiko.

Kesho yake saa tatu nilisimama kando ya meza kwa mguu mmoja. Hakutoka nje. Alikuja amevaa kanga na kandambili, akasema kuanzia leo nimwite Mama kutwa nzima. Mguu ulipopona tuliacha kukaa mezani. Tulifundishana njiani, kama Musa alivyosema: tuligawanya idadi ya ndizi sokoni, tukasoma vibao vya mabasi, tukasimama kwenye kijito nyuma ya kituo cha treni akaniambia habari za Nikodemo kana kwamba ni jirani yetu. Nilimshika mkono nikiongea ovyo. Zilikuwa siku za furaha kuliko zote nilizowahi kuishi London, na kiangazi kilipoisha nilirudi shule ya kawaida bila kinyongo. Baba aliupaka ule mlango wa jikoni rangi nyeupe. Mama alisimama akimtazama hadi akamaliza, akamwambia pale juu pamebaki kidogo.

Nilihitaji miaka mingi, na mtoto wangu mwenyewe, kuelewa alichokuwa akikitazama. Vyeti vyake vya ualimu vilikuwa ndani ya bahasha chini ya godoro, na London hii hapakuwa na mtu hata mmoja aliyevitaka. Wazee aliowahudumia walimwita kwa jina la kwanza, wengine hata hilo hawakulishika. Katika jiji zima alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita Mwalimu, mwenye miaka tisa, na akamruhusu aache. Mimi leo naishi Hounslow, karibu na ule uwanja wa ndege, na kufanya kazi ofisi za mizigo. Mwanangu ana miaka tisa. Nikirudi namuuliza kwa Kiswahili amejifunza nini, ananijibu "Nothing, Mum," na kwa uchovu wangu jibu hilo linanitosha. Mimi nilikuwa na mwalimu aliyeniita jina kila asubuhi. Yeye ana darasa zima la wenzake, na sijui anakaa karibu na nani.

Mwezi uliopita nilimpeleka kusali na bibi yake Lewisham, ukumbi ule ule. Kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa, mchungaji aliomba walimu wote wasimame waombewe. Wakasimama vijana watatu wanne wenye suti. Mama aliinamia mkoba wake, akafungua zipu, akaifunga.

Nikasimama mimi. Mikono nyuma, kama zamani. Mama akanivuta sketi. "Kaa," akanong'ona. "Wewe si mwalimu."

"Najua," nikamwambia. "Mwalimu wangu ndiye bado hajasimama."

Alinitazama, na nikaona ameelewa. Aliweka mkoba chini. Akashika kiti cha mbele, akainuka polepole kwa magoti yale yale yaliyopigwa kwenye vigae vya bafu, akanyoosha blauzi. Mchungaji alikwisha kuanza kuomba na watu walikuwa wamefumba macho, nadhani ni mwanangu tu aliyetuona. Mama alisimama wima kabisa. Kisha, bila kunigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Kaeni."

Nikakaa.