Kanda Aliyoifuta Baba Mdogo

Toleo jipya la tamasha hili, lililotoka kwenye CD, ni zuri, na hilo linaniudhi. Gitaa la besi linasikika vizuri, ngoma hazigongani tena, na zimeongezwa nyimbo ambazo kwenye kanda ya zamani hazikuwepo. Lakini waliosafisha rekodi wamesafisha kupita kiasi. Kulikuwa na mwanamke kati ya watazamaji, karibu na maikrofoni, ambaye kila mara mwimbaji aliposhusha sauti, yeye alipandisha yake kumwitikia. Wamempunguza mpaka amebaki kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo. Kwa hilo ninawakata maksi.

Najua alikuwepo kwa sababu nilimsikiliza kijijini kwetu Endasak, nikiwa msichana, kabla baba mdogo hajamfuta.

Kanda ile kaka yangu aliniletea kutoka Arusha, wakati redio za kaseti zilipoanza kujaa madukani na kila nyumba ikataka yake. Lilikuwa tamasha zima la gwiji mmoja wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, pamoja na kelele za watu wake. Nilivunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Baba mdogo alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipohitaji kanda ya mazoezi, alichukua yangu, akaziba matundu kwa karatasi iliyotafunwa. Nasema hivi ili isije ikaonekana alifuta kwa bahati mbaya. Alikaa, akatafuna karatasi, akaziba, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Nilipolia aliniambia, "Huo ulikuwa ulevi wa dunia, mwanangu. Nimekusaidia." Watu wazima wakacheka. Niliendelea kumwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi nilimchukia.

Manyara ilipofanywa mkoa nilikuwa nafundisha Mbulu, na huko sokoni nikaikuta kwenye CD: tamasha lile lile, jalada jipya. Sikuisikiliza kama mpenzi wa muziki. Niliisikiliza nikitafuta wimbo wa kumpigia baba mdogo, ili ajue alifuta nini. Nikaupata. Ni ule wa polepole, ambapo bendi inakaribia kunyamaza, mwimbaji anazungumza na watu, nao wanamjibu. Hata sasa, ukiniuliza, huo peke yake unatosha kununua CD nzima.

Likizo ilipofika nikaenda Endasak na redio yangu ya CD. Baba mdogo alikuwa amezeeka, kwaya ameshawaachia wengine, anashinda sebuleni peke yake. Nikamwamkia, akaitika, chai ikaja. Nikaupiga ule wimbo bila kueleza kitu.

Aliacha kunywa. Mkono wake ukaanza kuongoza, kidogo kidogo, juu ya goti. Watu walipoanza kujibu, machozi yakamlengalenga.

"Huyu mwinjilisti ni wa wapi?" akauliza.

"Si mwinjilisti, baba. Hii ndiyo kanda yangu uliyoifuta."

Nilikuwa nimekuja kumwona akiona aibu. Hakuona. Alisubiri wimbo uishe, kisha akasema kwa sauti ya kuomba, ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Rudisha mwanzo, mwanangu. Nisikie tena."

Hapo nikajua ninacho cha kumnyima. Nikazima redio, nikaitoa CD, nikairudisha kwenye jalada lake mbele ya macho yake. Nikamwambia nawahi gari.

Nilikaa kando ya barabara mpaka saa nane mchana nikilisubiri gari hilo, na sijajuta mpaka leo.