Pale Sindano Iliporuka

Juzi nilimpeleka shangazi kwenye mkahawa mmoja wa mjini, chai yake ina bei niliyoisoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Kijana wa saksafoni alikuwa akipiga wimbo wa zamani. Alipofika mahali fulani, mguu wangu ukaruka chini ya meza. Nikachungulia. Wa shangazi pia ulikuwa umeruka.

Wimbo huo ulihamia kwetu Makongeni nikiwa shule ya msingi. Jirani yetu, karani wa reli aliyetoka magharibi, aliununua Eastleigh, santuri yenye mkwaruzo. Muuzaji akataka bei kamili. "Nitalipia ile sehemu inayosikika," jirani akamwambia, akapunguziwa. Tangu siku hiyo nilijua nataka kuwa mtu wa namna gani.

Jumapili jioni, mtaa ukinukia vitunguu na sukuma wiki, alitoa gramafoni uani. Alituambia wimbo ulizaliwa Kuba, ukiwa na maneno ya Kihispania. Wamarekani wa jazi wakaupenda, wakayaondoa maneno, wakawaachia wapiga tarumbeta. "Umesafiri kuliko treni yoyote ya hapa," alisema. Penye mkwaruzo sindano iliruka, ikameza kipande kizima. Na sisi tukaruka nayo. Watoto tulidhani Wakuba ndivyo wanavyocheza. Wakubwa nao wakazoea.

Ukumbi wa mtaa ukatangaza shindano la dansi, zawadi ya kwanza jiko la mafuta ya taa. Shangazi ndiye aliyenilea, na alipika kwa makaa katika chumba hicho hicho tulicholala, akikohoa mpaka sufuria inaungua. "Hilo jiko ni langu," alisema, akamchukua jirani awe mwenzake. Walifanya mazoezi mpaka viatu vya karani vikaomba likizo.

Siku yenyewe wakawekewa wimbo wao. Kumbe santuri ya ukumbi ilikuwa nzima. Walipofika pale wakaruka, muziki haukuruka. Wakamaliza dansi yao wimbo ungali njiani. Shangazi hakumwachia jirani mkono.

"Tumefika mapema," akasema. "Tuungoje."

Wakasimama wima kama abiria stesheni, mpaka wimbo ukaisha, ndipo wakainama. Watu walicheka mpaka wakashikilia viti. Wakapewa zawadi ya pili: karai.

"Dada, karai haliwaki," jirani alimwambia tukirudi.

"Basi niletee linalowaka."

Akaleta jiko, lenye utambi mmoja usiopanda, kwa hiyo bei ilishuka. Alilileta pamoja na wazee wake. Shangazi akakagua jiko, akamkagua na mwenyewe, akakubali vyote viwili.

Kijana wa saksafoni alipopumzika nilimuuliza habari za wimbo. Akanitajia Kuba, Amerika, dunia nzima.

"Umeruka kituo kimoja," nikamwambia. Akadhani natania.

Jirani hayupo tena. Santuri ilivunjika, karai likaliwa na kutu, na kwenye ule ua siku hizi watu wanaegesha magari. Kijana aliurudia wimbo kwa ajili yetu, na safari hii tulisikiliza kile kipande ambacho hatukuwahi kukimiliki. Kizuri, lakini kirefu. Shangazi alikuwa amenishika mkono.

"Yeye amefika mapema," akasema. "Acha aningoje."

Kisha akaniuliza kama maji ya moto ya kuongezea chai ni ya bure.